Saumu ya Dada Kauthar

Ilembo, Mpanda
9 Februari 2025

Namtanguliza Mwenyezi Mungu, ambaye hutuleta duniani tukiwa dhaifu, akatukopesha nguvu kwa muda aupendao, kisha akaturudisha kwenye udhaifu ili tujue kwamba nguvu zile hazikuwa zetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na watu wa nyumba yake.

Kwa mpwa wangu Rabia, hapo Kasansa. Asalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mwili na imara wa moyo, pamoja na mama yako, dada yangu mpenzi Kauthar, ambaye ndiye hasa ninayemwulizia.

Sisi huku hatujambo. Binti yangu Iman anaendelea na duka la vitambaa. Msikiti wetu umepata bati jipya upande wa kibla. Mimi bado nafundisha watoto Kurani chuoni baada ya alasiri, ingawa siku hizi nawatazama midomo zaidi kuliko ninavyowasikia. Unisamehe kwa kukusumbua na karatasi katika zama hizi ambapo kila mtu huongea kwa simu. Tangu masikio yangu yazibe mwaka juzi, simu kwangu ni ngurumo tu. Lyamba, kondakta wa basi la kwenda Mamba, amekubali kuzibeba barua zetu na kuziacha dukani hapo stendi ya Kasansa.

Sasa neno lenyewe. Iman amekupigia mara tatu tangu mwezi uliopita ili amsalimie shangazi yake. Mara ya kwanza ulisema amelala, ya pili anaoga, ya tatu ametoka kwenda kwa jirani. Sina neno na hilo. Naliandika tu kama nilivyoambiwa.

Ramadhani inakaribia. Dada ametimiza miaka themanini, na daktari aliyempima hapa mjini mwaka jana alituonya asikae muda mrefu bila maji. Mtu wa hali hiyo hafungi. Kwa kila siku hulishwa maskini mmoja kwa niaba yake, na hilo nitalifanya mimi huku. Umweleze kuwa hiyo ni hukumu ya dini wala si huruma yangu, maana namjua, huruma hataipokea. Nimempa Lyamba pakiti mbili za tende.

Umpe kalamu aniandikie walau mstari mmoja. Mwandiko wake naujua kuliko wangu. Ndiye aliyenishika vidole nilipoandika alifu ya kwanza katika chuo cha marehemu baba yetu.

Wako mjomba,
Yunusi

*

Kasansa
26 Februari 2025

Mjomba, shikamoo.

Wa alaykum salaam. Sisi wazima, namshukuru Mungu. Barua nimeipata na tende nimezipata. Msalimie sana Iman, mwambie kitenge alichonitumia mwaka jana bado nakivaa.

Huku mvua zimekaa vizuri. Mpunga wangu wa bondeni umeshika, ila magugu yameshika zaidi. Vijana wa kibarua wote wamekimbilia machimboni, kwa hiyo napalilia peke yangu, natoka asubuhi narudi jioni.

Mama hajambo. Amebadilika kidogo, amependa sana ibada. Hataki watu wengi, hataki kelele. Nilimweleza habari ya kulisha maskini. Akasema hataki, atafunga mwenyewe kama alivyofunga miaka yote. Mimi ni mtoto, mjomba. Siwezi kumkataza mama yangu kufunga.

Kuhusu kuandika, mkono unamtetemeka sana, kalamu inamdondoka. Na simu msihangaike nayo, mtandao wa huku unakatika hovyo. Nyie andikeni tu, mimi nitajibu.

Mpwa wako,
Rabia

*

Ilembo, Mpanda
9 Machi 2025

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetufikisha tena katika mwezi huu. Asalaam alaykum, mpwa wangu.

Sisi wazima, tuko kwenye funga, ila Iman ambaye homa imemfanya ale siku nne. Ninaandika asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa kuwa nataka Lyamba aondoke na barua hii leo.

Sitakuficha kwamba habari zako zimenitoa machozi. Nilikaa na barua yako msikitini, nikawasomea wazee wenzangu. Mwanamke wa miaka themanini anakataa ruhusa aliyopewa na dini yake, anachagua njaa! Mzee mmoja aliniuliza kama haimdhuru. Nikamjibu kwamba yeye hamjui dada yangu. Nakumbuka onyo la daktari, na nimelifikiria usiku wa kuamkia leo. Lakini nani ajuaye mwili unasimama kwa nini, kwa maji au kwa imani?

Basi msomee maneno yangu haya kwa sauti, polepole, kama yalivyo:

“Dada yangu Kauthar, kila saa ya njaa yako inaandikwa, na hakuna kiu yako inayopotea. Nafsi ikiomba chakula, usiisikilize. Vumilia. Kaka zako wote wamekwisha tangulia, nimebaki mimi mdogo wako, nami najivunia wewe mbele ya watu.”

Umsomee, kisha unieleze amesema nini.

Wako mjomba,
Yunusi

*

Kasansa
22 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo, na pole kwa kungoja.

Barua yako ilifika lakini mimi nilishindwa kukujibu kwa sababu mvua ilikata barabara, basi likawa haliji wiki tatu. Idi tumeila salama. Mpunga umeanza kuinama.

Maneno yako nilimsomea mama. Aliyasikiliza mpaka mwisho. Baada ya Ramadhani ameendelea kufunga, Jumatatu na Alhamisi, na siku nyingine akitaka. Anakaa chumbani kwake anamtaja Mungu. Mlango naufunga asisumbuliwe na mbuzi na watoto wa watu. Amepungua mwili, ndiyo, lakini wachamungu wengi ni wembamba, wewe mwenyewe uliwahi kutufundisha hivyo.

Ukipata huko mjini ule mpira wa kutandika kitandani, wa plastiki, mpana, naomba unitumie. Huku maduka hayana.

Usijisumbue kuja, mjomba, barabara ni mbaya na wewe umri umeenda. Mimi nachoka kidogo, lakini ni kazi ya thawabu.

Rabia

*

Ilembo, Mpanda
18 Mei 2025

Kwa jina la Mola ambaye anazijua siri za nyumba kabla mlango haujafunguliwa. Asalaam alaykum.

Mpwa wangu, sisi tunaendelea vizuri. Iman amepona. Mahindi tumevuna, machache kuliko mwaka jana.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kuna jambo nililitafakari. Wiki iliyopita alikuja dukani mama mmoja wa Kisukuma, Nyanzala, anayesema ng’ombe wao wanalala ng’ambo ya uzio wako na kwamba alikuwa akimpelekea dada yangu maziwa. Alikuja mjini kumtibia mjukuu, akauliza njia hadi kwa Mwalimu Yunusi. Iman alikaa karibu akinirudia maneno yake sikioni.

Alisema kwamba tangu masika yaanze hajaruhusiwa kuingia kwako. Alisema kwamba siku moja mchana, akipita nyuma ya nyumba, dada yangu alimwita dirishani akamwomba maji. Nikamwambia Nyanzala kuwa dada yangu amefunga, na kwamba kuyabeba mambo ya nyumba ya mtu hadi mji mwingine ni usengenyaji, na dini yetu inaukataza. Nilimwambia kwa ukali. Akainuka, akajifunga kitenge chake vizuri, akanijibu bila hasira:

“Mwalimu, hiyo dini yenu siijui. Mimi najua mtu mwenye kiu.”

Akaondoka. Iman akamsindikiza hadi barabarani.

Simwamini, maana watu wanaopakana hawakosi maneno, leo la uzio, kesho la ng’ombe kuingia mpungani. Hata hivyo nakuuliza, Rabia, na unijibu: dada aliyataka maji ya nini?

Mpira wa kitanda nimeusahau, na sikuelewa vema unauhitaji kwa shughuli gani. Badala yake nimemtumia dada mswala mpya, mnene, laini, ili magoti yake yasiumie katika hizo ibada zake. Idi ya kuchinja nitachinja mbuzi mimi mwenyewe, inshaallah, na sehemu yake nitaituma na basi ikiwa imekaangwa, pamoja na ini, analolipenda tangu utotoni.

Wako mjomba,
Yunusi

*

Kasansa
12 Juni 2025

Mjomba, shikamoo, na Idi njema.

Mswala ulifika, mzuri sana, mama amefurahi. Unamfaa. Nyama pia imefika, Lyamba aliileta Jumatatu mchana ikiwa bado nzuri, Mungu akuzidishie. Ila siku hiyo mama alikuwa amefunga, si unajua Jumatatu yake haiachi, kwa hiyo ini hakulila, nikala mimi na nyingine nikawagawia majirani. Alisema nikwambie ahsante na anakuombea dua.

Huyo Nyanzala usimsikilize. Ng’ombe wake waliingia mara mbili kwenye mpunga wangu nikamsema, basi ameniwekea kinyongo. Maji mama aliyataka ya kutawadha. Alidhani ni mimi napita.

Tunavuna sasa. Mikono yangu imechanika yote. Iman asalimiwe.

Rabia

*

Ilembo, Mpanda
15 Juni 2025

Najikinga kwa Mwenyezi Mungu na ujinga wangu mwenyewe kabla ya kujikinga na hila ya mtu yeyote.

Rabia. Barua hii simpi Lyamba. Nitaileta kesho kwa mkono wangu, kwa kuwa nahofia nikikuona nitasema nisichokikusudia, au hasira itanifunga mdomo nisiseme kitu.

Jumatatu unayoitaja ilikuwa tarehe tisa. Idi ilikuwa Jumamosi. Hiyo basi ilikuwa siku ya pili katika siku tatu zinazofuata Idi ya kuchinja, ambazo ni siku za kula na kunywa, na Mwislamu haruhusiwi kufunga. Wewe hukujua, na sikulaumu; ni wengi wasiojua. Ulihesabu tu kwamba ni Jumatatu.

Lakini Kauthar anajua. Nilikuwa na umri wa miaka saba, siku ya pili baada ya Idi kama hiyo, nilipotaka kumfurahisha baba nikaamka na kusema nimefunga. Dada akanikuta nyuma ya jiko nimejikunyata. Hakunicheka. Alichukua kipande cha ini chenye moto bado, akakipuliza, akakitia mdomoni mwangu kwa nguvu. Akaniambia, “Leo Mungu ametualika wote, Yunusi. Mtu halali njaa kwenye karamu ya Mungu.” Mwanamke aliyenifundisha hivyo miaka sitini na nne iliyopita hakufunga Jumatatu ile kwa hiari yake. Basi kama hakufunga Jumatatu ile, sijui alifunga siku ipi katika hizo nyingine zote.

Nimezitoa barua zako, nimezitandaza juu ya meza, nimezisoma kama ninavyosoma karatasi ya mwanafunzi ninayemshuku. Tangu Januari hakuna mtu wa upande wetu aliyesikia sauti ya dada yangu. Hakuna aliyeona mwandiko wake. Daima ni wewe unayesema amesema. Mlango unafungwa kwa ajili ya mbuzi, lakini ni mbuzi gani hujui kuwafukuza kwa fimbo? Anapungua mwili, nawe unanijibu kwa somo langu mwenyewe. Ulijua, mpwa wangu, kwamba ukilivika jambo nguo ya ibada sitalitazama chini ya nguo.

Na mpira wa kitanda. Nimelielewa leo alfajiri tu lile ombi. Mpira huo hutandikwa chini ya mtu asiyeweza kujizuia. Mimi nilituma mswala.

Ninakuja na Iman. Nimezungumza pia na afisa ustawi wa jamii wa huko kwenu, naye atakuja na mwenyekiti wa kijiji. Sikukutaarifu, kwa kusudi. Ikiwa nimekudhania vibaya, nitakuomba msamaha mbele yao wote, nami nitafurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Yunusi

*

Kasansa
3 Julai 2025

Mjomba, shikamoo.

Sijui kama utaipokea salamu yangu. Siku ile hukuipokea. Ulishuka kwenye gari, mimi nakuja mbio kutoka bondeni miguu ina matope, nikakwambia shikamoo, ukasema neno moja tu, “Ufunguo.” Ulikuwa shingoni kwangu. Niliuvua mwenyewe nikakupa, usisahau hilo.

Watu wote wa Kasansa walikuwa uwanjani. Nyanzala alikuwa amesimama na ndoo ya maji kana kwamba ni msiba. Wengine walisema maneno ambayo nitayakumbuka mpaka nizikwe. Mmoja alisema, “Na huyu alikuwa anajitanda ushungi mpaka machoni.” Watu wakacheka.

Sasa nakuandikia kile ambacho sikukisema mbele yao.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja mama alianza kupotea. Akitoka anasahau njia. Siku moja nilimkuta kwenye mfereji wa mpunga, maji yamemfika kiunoni, anasema anakwenda chuoni kwa baba yake. Ndipo nikaanza kufunga mlango nikienda shamba. Ningefanya nini, mjomba? Nilime shamba au nimkalie mama? Nilikuwa peke yangu. Nilipoachika kila mtu alisema, vizuri, Rabia hana mume, atamtunza mama. Hakuna aliyeniuliza.

Kisha akaanza kujichafua. Kila siku nafua godoro, kisima kiko mbali unakijua, usiku silali, asubuhi shamba. Siku moja sikumpa maji tangu asubuhi, nikarudi nikakuta kitanda kikavu. Nililala usiku ule. Nikasema ni siku moja tu. Halafu nikasema ni siku za shamba tu. Chakula nikampa jioni peke yake. Wewe ulipoandika habari ya Ramadhani ndipo nikapata jina la kuliita jambo hilo.

Nilikuomba mpira wa kitanda. Ndiyo yote niliyoweza kuomba bila kusema. Ukaleta mswala. Uliukuta chini ya mama umelowa, ukautazama kwa hasira zaidi kuliko ulivyotazama kitu kingine chumbani mle. Lakini mjomba, ni kitu pekee kinene ulichonipa.

Afisa aliniuliza kama nimewahi kumpiga. Nikasema hapana. Kumpiga sikumpiga. Mara mbili nilimshika mkono kwa nguvu, alipotaka kutoka, mpaka ikabaki alama. Hilo sikumwambia afisa. Nakwambia wewe, ufanye utakavyo.

Kuna jambo moja zaidi, nalo siliwezi kuliandika.

Mama anaendeleaje? Usiniambie hajambo kama nilivyokuwa nakwambia mimi. Niambie ukweli.

Rabia

*

Ilembo, Mpanda
20 Julai 2025

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye hakuna mlango unaofungwa mbele yake, na ambaye kwake nitaulizwa mimi kabla hujaulizwa wewe.

Asalaam alaykum, mpwa wangu Rabia. Salamu yako naipokea sasa, pamoja na ile niliyoiacha uwanjani kwako. Iman anakusalimu. Hapa nyumbani tumehamisha jiko ili chumba cha uani kiwe cha dada, kwa kuwa kinapata hewa na hakina kizingiti.

Umeniomba ukweli. Siku tano za kwanza alilazwa hospitali, wakamtia maji mshipani. Daktari alisema mwili ulikuwa umekauka, na kwamba wiki mbili zaidi tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Vidonda vya mgongoni vinaanza kufunga; Iman anamgeuza kila baada ya muda kama alivyofundishwa. Kuna siku anatutambua sote na kuna siku ananiita kwa jina la baba yetu. Akipewa mkate hula nusu, nusu nyingine huificha chini ya mto. Tunaiacha hapo, tukimbadilisha mto tunaitoa, naye hajui.

Alama za mkono nimemweleza afisa. Sikufanya hivyo kukukomoa. Nilikaa na barua yako siku mbili nikitafuta sababu ya kunyamaza, na sababu zote nilizozipata zilifanana na zile zilizonifanya ninyamaze tangu Februari. Afisa ameandika. Amesema wewe ndiye uliyesema bila kulazimishwa, na hilo pia ameliandika. Atakuja kukuona tena, na utamjibu yote. Mpaka atakapoamua vingine, hutakaa na mama yako peke yako. Hilo halina mjadala.

Sasa nifike kwenye lile jambo ambalo umesema huwezi kuliandika. Nalijua. Dada mwenyewe alilifunua, bila kujua.

Ulipokuwa umesimama mlangoni siku ile, mimi nilipiga magoti kando ya kitanda. Macho yake yalichukua muda kunipata. Midomo ilikuwa imepasuka. Hakulia wala hakukushtaki. Alinishika ndevu, kama alivyozoea tangu zilipoota, akaniuliza, “Yunusi, umekuja kunifuturisha?”

Nilidhani ni akili iliyochoka. Hapo hospitali akanieleza, siku ambayo akili ilikuwa safi, kwamba kila alipolia njaa alisomewa barua ya mdogo wake, mwalimu, anayemjivunia mbele ya watu. Nafsi ikiomba chakula, usiisikilize. Aliyasema maneno yangu yote bila kukosea hata moja, Rabia, kama mtoto anayerudia sura aliyoikariri. Akasema alijitahidi kuvumilia asiniaibishe.

Wewe uliyasoma. Aliyeyaandika ni mimi. Nilipewa habari za mwanamke wa miaka themanini anayekaa bila maji, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemtolea ruhusa ya kula, nikaichukua habari hiyo msikitini nipate kusifiwa. Mzee mwenzangu aliuliza swali sahihi, nikamnyamazisha. Nyanzala alikuja kilomita zote zile akiwa na mtoto mgonjwa, nikamhubiria. Nimekwisha kwenda kwake. Nilimwomba radhi mbele ya mume wake na watoto wake, kwa sauti kubwa kwa kuwa siku hizi sijui kupima sauti yangu. Alicheka, akanipa maziwa, akasema, “Kunywa kwanza, Mwalimu, wewe nawe usije ukasema umefunga.” Nikanywa.

Nawe nimekukosea. Kwa miaka sita tangu ulipoachika nilikutumia dua, tende na sifa, na kazi yote nikakuachia wewe. Ulinieleza kuchoka kwako kwa neno moja, “kidogo”, na mimi mwalimu wa kusoma sikulisoma. Hayo hayafuti ulichofanya. Mtu aliyechoka huita watu. Hafungi mlango kwa kufuli. Lakini nataka ujue kwamba naviona vyote viwili, na sitakiacha kimoja ili nione kingine.

Mpunga ukishaingia ghalani, njoo. Iman amekutengea nafasi ya kulala kwake. Utamwogesha mama yako mkiwa wawili, utamlisha mbele yetu, nasi tutakuwa tunakupumzisha kama ulivyopaswa kupumzishwa siku zote. Binamu zako wawili walioko Tabora nimewaandikia pia, si kuwaomba, kuwaambia tu zamu zao zinaanza lini. Ijumaa iliyopita, baada ya swala, niliwaambia waumini kwamba kabla ya kumsifu mzee kwa saumu yake, waingie chumbani mwake, wamsikie kwa sauti yake mwenyewe, na wamwulize kama ana kiu. Sikuwaficha ni nyumba ya nani iliyonifundisha. Nilisema ni yangu.

Nina jambo moja la mwisho, na hili nalikiri kwako peke yako.

Katika maisha yangu yote sijawahi kumdanganya mtu katika nyakati za ibada. Nimetangaza futari hapa Ilembo kwa miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kula kwa kauli yangu hata dakika moja kabla ya wakati. Lakini kila Iman anapoleta uji, dada yangu huyu, mama yako, huutazama tu. Kijiko hakigusi. Hunigeukia mimi kwanza, akaniuliza, “Yunusi, jua limezama?”

Nilimweleza kuwa hakuna funga. Nilimweleza hukumu yote, kwa dalili zake. Anasikiliza kwa adabu, kisha anauliza tena. Basi nimeacha kueleza. Jana ilikuwa saa saba mchana, jua liko utosini, bati linalia kwa joto. Akaniuliza. Nikavuta pazia la dirisha, nikakaa karibu yake, nikamjibu:

“Limezama, dada. Kula.”

Akasema bismillahi, akafungua mdomo.

Mwenyezi Mungu akusamehe, Rabia, na anisamehe mimi kwa uongo huo wa kila siku, ambao sina nia ya kuuacha. Aifungue milango ya nyumba yako na ya kila atakayeisoma barua hii, awape wazee wenu maji kabla hawajayaomba, na siku mtakapofikia umri wao awajalie mtu wa kuketi karibu nanyi, akiwa amepumzika, na kijiko mkononi. Amin.

Mjomba wako,
Yunusi